Mpungate Katikati ya Vioo Viwili



Nimeombwa niseme usiku huu juu ya jambo ambalo aghalabu mtu hulicheka kabla hajaketi kulisikiliza, nalo ni kulea mipungate ndani ya nyumba, katika nchi ambayo theluji hulala juu ya mapaa na maji hugeuka jiwe ndani ya ndoo. Na kwa kuwa nimekuwa katika shughuli hiyo kwa zaidi ya nusu karne, hapa katika mji wa Erfurt, katikati ya Ujerumani, sioni haya tena kuchekwa. Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno lao, uraibu, wakikusudia tambuu, tumbaku na vitu vidogo vya namna hiyo, ambavyo mtu akivikosa hafi, walakini hatulii mpaka avipate. Uraibu wangu mimi ni mipungate. Tofauti yake na tambuu ni kwamba haitii midomo rangi, ingawa vidole huvitoa damu mara kwa mara.

Nilifika hapa mwaka 1966, kijana wa Ng'ambo, Unguja, katika miaka ile ambayo Wajerumani wa Mashariki walikuwa wakijenga nyumba za Kikwajuni na vijana wetu wakipelekwa kwao kujifunza kazi. Yangu mimi ilikuwa uchapaji. Nilipangishwa chumba kwa mjane mmoja mtu mzima, mwenye maneno machache na macho makali, ambaye nilimwita Mama kwa adabu ya kwetu, naye, baada ya kushangaa siku mbili tatu, akaliridhia jina hilo. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, na madirisha yake yalikuwa ya namna ambayo sijapata kuiona kwetu: dirisha la nje, kisha uwazi wa upana wa shubiri moja, kisha dirisha la pili la ndani, ili ule uwazi wa katikati uizuie baridi isimfikie mwenye nyumba. Katika uwazi huo, uliokuwa si nje wala si ndani, Mama alipanga kila mwaka, ifikapo Oktoba, vyungu vyake vidogo vya udongo, kiasi cha arubaini, na katika kila chungu mlikuwamo mpungate mmoja, mwingine mviringo kama yai, mwingine mrefu kama kidole, mwingine umevikwa nywele nyeupe kama ajuza. Asubuhi ya theluji yangu ya kwanza nilifungua pazia, nikaona nyuma ya kioo weupe usio na mwisho, na mbele ya weupe ule, safu ya miiba. Nilidhani bibi yule amerukwa na akili.

Mwezi wa Januari Mama alisafiri kwenda kumwuguza dada yake katika mji mwingine, akanikabidhi nyumba kwa siku kumi: niwashe tanuri la makaa, nimlishe paka, nizoe theluji mlangoni. Juu ya mipungate hakusema neno, kwa sababu kwake yeye hapakuwa na la kusema. Mimi nikaitazama. Ilikuwa imenywea, imekunjamana kama mashavu ya mzee asiye na meno, mingine imezama nusu yake ndani ya udongo, rangi yake imekuwa ya vumbi. Na nilipotia kidole katika udongo huo niliukuta mkavu kama unga. Sasa mimi nilikua katika watu ambao kumnyima maji mwenye kiu ni jambo la kuogopewa, awe mtu, mnyama au mche. Basi huruma ikanishika, nikachemsha maji katika birika, nikayaacha yawe vuguvugu, maana niliona haifai kumpa maji baridi mgonjwa wa baridi, nikainywesha yote arubaini mpaka maji yakatiririka chini ya vyungu. Nililala usiku ule nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda ihsani.

Mama aliporudi hakuvua hata kofia. Alifungua dirisha la ndani, akabonyeza mpungate mmoja kwa kidole, na kidole kikaingia kama katika embe lililoiva kupita kiasi.

"Umeipa maji?"

"Ndiyo, Mama. Niliona ina kiu."

"Ilikuwa imelala," akasema. Kisha akaihesabu iliyooza, nayo ilikuwa kumi na mmoja, akaiweka juu ya gazeti, akaenda kupika kahawa.

Hakunifukuza, wala hakunidai fedha. Ilipofika Machi aliniita mezani, akanipa kikaratasi kilichokunjwa, ndani yake mna mbegu ndogo kama chembe za ugoro, akaniambia kwamba kumi na mmoja nimeiua na kumi na mmoja nitailea, kuanzia hapo. Ndivyo nilivyoingia katika kazi hii, kwa njia ya kulipa deni.

Nililojifunza katika kulilipa ni hili, na ndilo ninalotaka mlishike kuliko mengine yote nitakayosema: katika nchi ya baridi, mpungate hauuawi na baridi, huuawa na maji yanayokuja wakati wa baridi. Maji yaliyojaa katika mwili wa mmea ndiyo yanayoganda na kuipasua nyama yake. Bali mpungate ulioachwa ukauke hubakiwa na utomvu mzito, na utomvu mzito, kama maji ya bahari yenye chumvi yake, haukubali kuganda upesi. Na hata pasipo kuganda, mizizi iliyolala haiwezi kunywa, hivyo maji hukaa katika udongo bila mwenyewe, na ukungu ukayakuta, ukala mizizi kwanza na shina baadaye. Mikunjo niliyoihurumia ilikuwa ndiyo afya yenyewe: mmea ulikuwa umejipunguza kwa makusudi, kama nahodha anavyotua tanga kabla ya tufani.

Mwili wa mpungate wote umeumbwa kwa saumu. Miti tuliyoizoea hufungua vitundu vya majani yake mchana, ivute hewa ifanyie chakula, na kwa vitundu hivyo hivyo maji yake hutoka na kupotea. Mpungate, ambao majani yake yamegeuka miiba na shina lake limechukua kazi ya majani, hufunga vitundu mchana kutwa, na jua likishatua huvifungua, ukavuta hewa ya usiku, ukaihifadhi mwilini katika hali ya ukali kama wa ndimu, mpaka mchana ufike ambapo huitumia nyuma ya milango iliyofungwa. Ni mfungaji anayefuturu usiku. Mbavu zake nazo zimekunjwa kama kinanda cha mkono, zipate kutanuka mvua inaponyesha na kusinyaa inapokatika, pasipo ngozi kupasuka.

Wengi hudhani kwamba mpungate ni mwana wa joto na kwamba baridi kwake ni ugeni. Ni kweli kwa baadhi yake. Lakini milima ya Bolivia na ya kaskazini ya Ajentina, mahali panapopita mita 3,000 juu ya bahari, ina mipungate mingi midogo, ya jamaa ya Rebutia na nyinginezo, ambayo hupigwa na sakitu usiku na jua kali mchana, katika majira ambayo mvua haijulikani. Kanada nako umo mmoja, Opuntia fragilis, ambao huishi mpaka katika bonde la mto Peace, kaskazini kabisa, ukifunikwa na theluji miezi mizima. Kwa mimea ya namna hiyo, majira ya baridi yaliyo makavu ni ada ya kwao. Na lau utainyima, uiweke mwaka mzima katika chumba chenye joto kwa kudhani unaiheshimu, itaishi, ndiyo, lakini haitakupa ua. Maua ya masika hupangwa katika usingizi wa baridi.

Sisemi kwamba baridi haina mpaka. Katika Prague aliishi Alberto Vojtěch Frič, msafiri aliyeizunguka Amerika ya Kusini na Meksiko akitafuta mipungate, na ambaye alikusanya mkusanyo uliosifiwa Ulaya nzima. Ukaja wakati wa vita, makaa yakawa haba, na katika majira ya baridi ya 1939 kwenda 1940 mkusanyo ule ukagandishwa ukafa. Kwa hiyo mimi hutundika kipimajoto kati ya vioo viwili, na nia yangu ni digrii 5 hadi 10 juu ya sifuri. Ikishuka chini ya hapo usiku mmoja mmoja, silii. Ikitishia kuganda, hufungua dirisha la ndani nusu, na chumba kikaigawia mipungate joto lake, ilhali mimi nikajifunika blanketi la pili.

Hapa sharti nisimame kidogo kwenye jina, maana najua msikilizaji wa Dodoma au wa Naivasha amekwisha kunikasirikia, akisema kwamba mipungate imejaa kwao, mirefu kama minara, matawi yake yamesimama kama vinara vya mishumaa. Ile, ndugu yangu, siyo mipungate. Ile ni jamaa ya mnyaa, ambao ukiukata hutoa maziwa makali ya kuweza kupofusha jicho. Umefanana na mpungate kwa sababu jua la namna moja hufunza adabu ya namna moja, kama mabaharia wa bandari mbili zisizojuana wanavyofunga fundo moja. Wala usipambanue kwa maziwa peke yake, kwa kuwa imo mipungate michache yenye maziwa pia. Tazama miiba inakotokea: mpungate una vitone vidogo vya manyoya, vimepangwa mwilini kama vifungo juu ya joho, na kila mwiba na kila ua hutoka humo, mnyaa hauna. Kamusi zetu zina mpungate na zina pia dungusi kakati, nazo zote zilikusudia kwanza ule wenye mapande bapa kama viganja na matunda ya kuliwa, ambao asili yake ni Amerika na ambao waliuleta watu wa merikebu. Mimi nimelipanua jina mpaka likaienea jamaa nzima, aina kiasi cha 1,500, na sidhani kama nimemdhulumu mtu.

Na katika aina zote hizo, ambazo nyumbani kwao ni Amerika, iko moja tu iliyofika Afrika bila ya kubebwa na binadamu. Jina lake kwa wataalamu ni Rhipsalis baccifera. Haina miiba ya kutajika, huning'inia juu ya matawi ya miti ya msituni kama nywele za kijani, na huonekana Tanzania, Kenya, Uganda, Madagaska, hata Sri Lanka. Tunda lake ni dogo jeupe lenye mbegu za kunata, na wengi hudhani kwamba ndege ndiye aliyezichukua. Ninao mmoja hapa kwangu. Katika chumba hiki, mimi na huo tu ndio Waafrika.

Kwa nini Wajerumani, watu wa mvua na mawingu, wakavipenda viumbe hivi, ni suala nililojiuliza sana, na jawabu moja lilikuwa mlangoni petu. Hapa Erfurt, mwaka 1822, mtunza bustani aliyeitwa Friedrich Adolph Haage alifungua kitalu, akaanza kuzalisha mipungate na kuiuza. Kitalu hicho kimepita katika tawala za wafalme, vita viwili vikuu na dola ya Ujerumani ya Mashariki iliyojenga ukuta, nacho kingalipo mpaka leo, na jina la ukoo ule ule lingali juu ya mlango. Mwaka 1892 wapenzi wa mipungate wa nchi hii waliunda chama chao, nacho pia kingali hai. Kabla ya chama, tayari mchoraji Carl Spitzweg wa Munich, aliyesomea kwanza uuzaji wa dawa, alikuwa amekwisha kuwachora watu hawa zaidi ya mara moja: mzee ameinama mbele ya mpungate wake, na mpungate kama kwamba umemwinamia yeye, usiweze kujua nani anamwamkia nani. Watu husema alikuwa akiwadhihaki. Mimi huona alikuwa mmoja wao, au angalau alikuwa na jirani aliyemjua vizuri.

Katika miaka yangu ya kwanza hapa palikuwa na jambo jingine. Wapenzi wa mipungate walikutana kila mwezi katika vikundi vya Kulturbund, jumuiya ya utamaduni ya dola ile, walimu, wafua vyuma, madereva wa garimoshi, wakiwa na picha za slaidi na chupa ya bia. Na watu hawa walizijua korongo za Meksiko na majabali ya Bolivia kwa majina, kwa mwinuko na kwa aina ya mawe, ilhali wengi wao hawakuwa na tumaini la kupewa idhini ya kuvuka mpaka wa nchi jirani, seuze bahari. Mbegu zilivuka. Zilikuja ndani ya bahasha za barua, mbegu ishirini kwa mtu, na mpokeaji aliyefanikiwa aliwagawia wenzake alizozalisha. Nilikaa katika vikao vile, kijana mweusi pekee, na nilipoulizwa juu ya kwetu niliulizwa kwanza kama jua la Unguja linachoma mpungate au la. Linauchoma. Lakini kinachouudhi zaidi kwetu ni unyevu wa usiku.

Turudi kwenye mbegu zangu, za Rebutia, ambazo Mama alizichagua kwa kuwa ndizo zenye kumsamehe mwanafunzi. Udongo tuliuoka katika tanuri ili ukungu ufe. Tukautia katika kisahani kipana, tukaunyevusha, tukazinyunyiza mbegu juu yake pasipo kuzifukia, maana zataka mwanga, tukafunika kwa kipande cha kioo, tukaweka karibu na tanuri mahali penye joto la digrii 20 na kidogo. Siku ya tisa niliona vitone vya kijani, vidogo kama vichwa vya pini, na kila kitone kilikuwa mpungate. Sikuamini. Mwaka mzima ulipita havijafikia ukubwa wa njegere, na nilipolalamika Mama alinijibu kwamba aliyeua kwa birika moja asilalamike juu ya miezi kumi na miwili.

Udongo wa kuihamishia baadaye uwe wa kupitisha maji upesi: kwa kipimo changu, theluthi mbili changarawe ndogo, mchanga mnene wa mto na mawe mepesi ya volkeno, na theluthi moja mboji. Wengine watakupa vipimo vingine na kuvitetea kwa viapo. Chungu kisizidi sana ukubwa wa mmea wenyewe, kwa kuwa udongo usio na mizizi hukaa na maji yasiyo na mnywaji. Maji ya mvua yanafaa kuliko ya bomba yenye chokaa.

Mwaka wenyewe huenda hivi. Mwishoni mwa Machi, mchana unapokuwa mrefu na vitumba vimeanza kuonekana, mimea hunyunyiziwa maji kidogo kama umande, siyo kumwagiliwa. Baada ya wiki mbili hupewa maji kamili, kisha huachwa mpaka udongo ukauke tena. Kati ya tarehe 11 na 15 Mei wakulima wa hapa huhesabu siku za wale wanaowaita Watakatifu wa Barafu, wa mwisho wao akiwa Sofia wa Baridi, ambazo kabla ya kwisha kwake mtu mwenye hekima hatoi mche wake nje. Nami, ingawa si watakatifu wa dini yangu, nimewaheshimu tangu walipoziunguza nyanya zangu. Baada ya Sofia, mipungate hutoka kwenda uani, chini ya paa la kioo lisiloruhusu mvua ya siku nyingi, na wiki ya kwanza huifunika kwa gazeti wakati wa adhuhuri. Nimeona watu wakicheka hapa pia, lakini mmea uliokaa miezi sita nyuma ya kioo cha Ujerumani huunguzwa na jua la Ujerumani kama mtoto mchanga, ukapata baka la kahawia lisilofutika maisha. Mwezi wa Septemba maji hupungua, na Oktoba husimama.

Mipungate yangu ya mbegu zile ilichanua mwaka wa tatu. Niliondoka kwenda kazini asubuhi ya Mei nikaacha kitumba kilichofungwa, nikarudi mchana nikakuta ua jekundu kama kaa la moto, kubwa kuliko mmea uliolizaa, limefunguka upande wa chini karibu na udongo. Kesho yake yalikuwa matatu, na siku ya nne mpungate wenyewe haukuonekana tena kwa wingi wa maua. Kwetu tumezoea ua lenye harufu, asmini, kilua, mkadi. La Rebutia halina harufu. Mwenye kutaka harufu, na alee ule unaoitwa Malkia wa Usiku, ambao hufunguka baada ya magharibi ukanyauka kabla ya jua kuchomoza. Wangu ulipochanua mwaka mmoja, majirani wa ghorofa zote nne walikuja na viti vyao, tukaungoja kama watu wanaomngoja bwana harusi aliyechelewa, na saa nne za usiku ukafunguka.

Adui ni wachache. Yupo mdudu mweupe kama pamba, ndugu wa yule anayewatesa wakulima wa mihogo kwetu, ambaye hujificha kwenye mizizi na katikati ya mbavu. Dawa yake ni brashi ndogo na spiriti. Wapo utitiri wekundu, ambao huacha ngozi ya mmea imechakaa kama kutu. Na yupo mwenye duka. Hapo naomba ruhusa ya kukasirika kidogo: utakuta dukani mpungate uliobandikwa kwa gundi ua kavu lisilo lake, utakuta mwingine uliopakwa rangi ya buluu, na utakuta ule wa kichwa chekundu juu ya shina la kijani, ambao Wajapani ndio waliouanzisha na ambao leo kwa wingi hutoka Korea ya Kusini. Kichwa chekundu kimepungukiwa na ukijani, hakiwezi kujitafutia chakula, ndiyo maana kikaunganishwa juu ya mwenzake. Na huyo wa chini ni wa nchi za joto, hataki baridi, basi ukiuweka dirishani pamoja na mingine, mbebaji hufa kwanza na mbebwa akafuata. Siusemi vibaya mmea. Namsema aliyemwuzia mtoto wa shule bila ya kumwambia.

Na kwa haki nitaje ule unaoivunja sheria yangu yote, mpungate wa Krismasi, ambao kwao ni misitu yenye ukungu ya milima ya Brazili, juu ya matawi ya miti. Huo hutaka maji hata katika majira ya baridi, hutaka kivuli, na mchana unapofupika ndipo hutunga vitumba vyake. Ukiuhamisha mahali wakati huo, huvidondosha vyote kwa hasira. Mama alikuwa nao chumbani kwake, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuugusa.

Nyumba mpya za siku hizi zimezidisha taabu, kwa sababu zina kioo kimoja kinene kisicho na uwazi wa kutia mkono, na chini ya dirisha ndipo palipowekwa chuma cha joto. Mpungate ulioko juu ya chuma hicho, gizani mwa Desemba, hudhani kumekucha. Huamka, hurefuka, ukawa mwembamba wa kichwa kama mshumaa uliopinda, na umbo hilo halirudi. Anayekaa katika nyumba kama hizo na atafute dirisha la ngazi, au ghala lenye mwanga, au baraza lililozibwa kwa vioo.

Kuna mambo mawili ya kuhadharisha. La kwanza ni kununua. Mipungate imekuwa bidhaa ya wezi: mwaka 2020 nchini Italia ilikamatwa zaidi ya elfu moja iliyong'olewa katika jangwa la Atacama, Chile, mingine yenye umri mkubwa kuliko wa mshitakiwa, na mwaka uliofuata zaidi ya 800 ikarudishwa kwao kwa ndege. Mnunuzi na aulize kama mmea umezaliwa kitaluni kwa mbegu. Ukiwa na makovu ya jangwani na bei ya siri, auache. La pili ni la kwenu mlioko nyumbani, hasa nyanda zenye ubaridi, Lushoto, Njombe, Limuru, ambako najua baadhi yenu mna hamu ya kuanza. Anzeni, na mjenge paa la kioo au la nailoni, kwa kuwa kwenu adui ni mvua ndefu. Lakini ule wa viganja bapa, Opuntia, msiutupe nyuma ya ua. Kipande kimoja huota mizizi palipoangukia. Huko Laikipia umekwisha kuyafunika malisho ya wafugaji, tembo na nyani wakila matunda na kuzieneza mbegu, mbuzi wakitobolewa midomo na miiba, mpaka ikabidi kuleta mdudu wa kutoka Amerika aule. Na Waaustralia walipata mkasa ule ule kabla yetu, juu ya mamilioni ya hekta, wakaokolewa na kiwavi.

Mama alifariki miaka mingi iliyopita, nami nikaachiwa dirisha pamoja na vilivyomo. Miwili kati ya ile kumi na mmoja niliyoilea kwa deni ingali hai, imezaa watoto pembeni mpaka kila chungu kimekuwa kijiji. Leo ni Oktoba. Jumamosi iliyopita nilipangusa vioo, nikakagua mizizi, nikairudisha yote mahali pake. Maji ya mwisho niliyatia tarehe 20 Septemba, na yatakayofuata, Mungu akipenda, ni ya mwisho wa Machi.